Pikipiki ya umeme Mpemba na hesabu ya siku inayolala

Mpwa wangu alikuja Jumapili baada ya ibada, mkononi ana ukurasa uliochanwa kwenye daftari la hesabu la mwanawe. Alinipa shikamoo, akaukunjua mezani hata chai haijamiminwa. Upande wa kushoto ameandika "mafuta", wa kulia "umeme". Chini kabisa amepigia mistari miwili: miezi 11.

Maana yake ni hii. Pikipiki mpya ya petroli anayoitaka ni kama milioni tatu. Ya umeme, kwa bei aliyotajiwa kwa simu na muuzaji wa Dar es Salaam, ni milioni tano. Ile milioni mbili ya juu, kwa hesabu yake, ingerudi ndani ya miezi kumi na moja kwa kutonunua mafuta, na baada ya hapo anakula faida tu. "Mjomba, kuna mahali nimekosea?" Nikamwambia aniachie ule ukurasa mpaka jioni.

Kijana huyu anaendesha bodaboda hapa Mpemba mwaka wa sita sasa. Alianza na pikipiki ya bosi, akipeleka hesabu kila siku, akaingia mkataba, akaumaliza, akabaki na chombo chake ambacho sasa kinatoa moshi wa bluu kila akipanda mlima. Si mtu wa kudanganywa na rangi. Anazijua gharama zake kwa shilingi, na ndiyo sababu ukurasa wake ulinikaa kichwani kuliko matangazo yote ya pikipiki za umeme ninayoyaona kwenye simu.

Kwa asiyepajua, Mpemba ni kata ya mji wa Tunduma, kilomita kama kumi kabla hujafika mpakani ukitokea Mbeya. Hapa ndipo inapochepuka barabara ya Isongole, kilomita hamsini za lami kwenda Ileje na mpaka wa Malawi. Lakini riziki ya vijana wa kijiweni haitoki sana huko. Inatoka kwenye foleni. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma upande wetu na Nakonde upande wa Zambia, na tukaambiwa malori yatapita kama maji. Yamepungua kulala, sawa, ila siku mambo yakikwama msururu bado unatufikia na kutupita. Dereva wa lori aliyesimama hapo tangu alfajiri anahitaji chakula, vocha, fundi wa tairi, na kufikishwa kwa wakala wake wa forodha mjini. Nani atampeleka? Kijana wa pikipiki, anayepenya ukingoni, tairi moja kwenye lami na jingine kwenye changarawe.

Siku ya namna hiyo kijana anazunguka kilomita mia bila kutoka nje ya Mpemba na Tunduma. Hapo ndipo ukurasa wa mpwa wangu unapoanzia, na tuufuate naye.

Pikipiki yake, kwa hali iliyo nayo, inakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Kilomita 100 ni lita mbili na nusu. Bei ya mafuta mdhibiti wa nishati, EWURA, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya kwetu siku zote huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa sababu lita hiyo nayo imepandishwa kwa lori. Yeye ameweka 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Basi ni 7,500 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 195,000 kwa mwezi. Upande wa umeme ameweka uniti tano kwa kilomita hizo hizo mia, pamoja na ule unaopotea kwenye chaja. Hapo hakukosea. Pikipiki nyingi za aina hii zinazotembea Nairobi na Kigali hula uniti nne na kidogo kwa kilomita 100.

Alikosea kwenye bei ya uniti. Ameandika 122, kwa sababu hiyo ndiyo anayolipa nyumbani. Yuko kwenye D1, kundi la wateja wadogo wa shirika la umeme, TANESCO, ambao uniti yao ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ila D1 ina mwisho, na mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, uniti za juu ni 350, na ukiendelea kuzidi unahamishiwa T1, ambako uniti ni 292 na ukijumlisha kodi unafika kama 356. Taa, redio, televisheni na pasi ya mkewe tayari zinakula nusu ya zile 75. Pikipiki peke yake itataka 130. Kwa maneno mengine, siku atakayochomeka ile chaja ukutani, nyumba nzima inahama kundi, na hata balbu ya chooni itaanza kuwaka kwa bei ya wakubwa.

Nikamfanyia upya. Uniti tano mara 356 ni 1,780 kwa siku, kama 46,000 kwa mwezi. Bado anaokoa karibu 149,000. Milioni mbili inarudi ndani ya miezi kumi na mitatu na nusu badala ya kumi na moja. Ongeza oili anayomwaga mara mbili kwa mwezi, plagi, cheni na sproketi, unarudi karibu na pale pale alipokuwa. Nilitegemea nimkute amejidanganya, na sikumkuta. Kwa mafuta na umeme peke yake, ile bei ya kutisha si ya kutisha. Wanaosema pikipiki ya umeme ni mchezo wa watu wa mjini wenye pesa za kuchezea hawajakaa chini na kalamu.

Ila ukurasa una pande mbili, na wa pili alikuwa ameuacha mweupe.

Kabla sijaugeuza, nimtaje mwendeshaji wa aina nyingine, maana swali la kama vyombo hivi vya bei vinalipa huulizwa na wengi wasio bodaboda. Nina jirani mwalimu. Anatoka nyumbani kwenda shuleni na kurudi, kilomita 12 kwa siku. Mafuta yake ni shilingi 900, kwa siku 25 ni 22,500. Akihamia umeme atatumia uniti kama 15 kwa mwezi, hata D1 haitoki, atalipa chini ya shilingi elfu mbili. Anaokoa 20,000 na ushee. Milioni mbili kwa mwendo huo itarudi baada ya miaka minane, na betri ya lithiamu, utumie usitumie, inazeeka. Kwake yeye ununuzi huo ni kama kununua jenereta la kuchajia simu. Asipige hesabu ya faida hapo. Akipenda ukimya wake na kutonuka petroli mbele ya wanafunzi, anunue kama anunuavyo suti.

Kwa hiyo chombo hiki kinamlipa anayezunguka sana, na anayezunguka sana ndiye asiyeweza kukubali kilale hata siku moja. Mwalimu pikipiki yake ikilala wiki tatu atapanda daladala, atalalamika, basi. Mpwa wangu ikilala wiki tatu watoto wanajua.

Na vyombo hivi hulala. Kuna kijana wa upande wa mjini aliyenunua cha kwake kabla ya wenzake wote. Sitalitaja duka, wala yeye sitamtaja. Miezi minne alikuwa mfalme wa kijiwe, abiria walimngoja kwa sababu hakina kelele na hakitetemi. Mwezi wa tano tangu akinunue, mvua za Machi, maji yakaingia kwenye kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa betri na kuugawa kwenye mota. Pikipiki ikazima katikati ya barabara kama redio iliyochomolewa. Fundi wa kijiweni akaifungua, akakuta kisanduku kimemiminiwa gundi nyeusi ndani, hakuna skrubu wala pa kuingiza bisibisi. Akaifunga. Duka likasema kontrola ipo njiani. Nilikiona chombo hicho kimeegeshwa ukumbini kwao, kimefunikwa kanga, wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa mtu anayebaki na 15,000 kwa siku baada ya umeme na chakula, siku 21 ni 315,000. Miezi miwili ya akiba ya umeme imeliwa na kisanduku kinachoingia mfukoni.

Zilipoingia pikipiki za Kichina wengi wetu tulizicheka, mimi nikiwa mbele. Tulikuwa tumezoea Honda na Yamaha za miradi na za mapadri. Tukasema haya mabati hayamalizi masika. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba injini nyingi kati ya zile zilikuwa na damu ya Honda CG125, iliyotoka Japani mwaka 1976 na kunakiliwa na viwanda vya China mpaka ikawa kama mali ya umma. Pistoni ya jina hili iliingia kwenye jina lile. Fundi aliyejifunza moja alikuwa amejifunza kumi. Ndani ya miaka michache kila njia panda ya Mbozi na Momba ilikuwa na kijana mwenye spana namba kumi na boksi la ringi, na spea zikauzwa sokoni Tunduma kando ya nyanya. Bei nafuu ilizisaidia, lakini mkoani kwetu Songwe zilishika kwa sababu zikifa asubuhi, mchana ziko barabarani.

Za umeme hazijafika hapo. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya ile. Plagi za chaja zinatofautiana. Kontrola inaongea na betri yake kwa lugha yake, na ukipachika ngeni inakataa kuwaka. Ukinunua umefunga ndoa na muuzaji, na kama muuzaji yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia tisa kutoka hapa, ni ndoa ya mbali.

Wazungu nao hili limewafika, tena kwenye baiskeli. Uholanzi kulikuwa na VanMoof, baiskeli za umeme za kifahari, euro elfu mbili na zaidi kwa moja, zikifunguliwa kwa programu ya simu. Julai 2023 kampuni ikafilisika. Wateja wakawa wanahangaika kunakili funguo zao za kidijitali kabla mitambo haijazimwa, na kampuni pinzani ya Cowboy ikatengeneza programu ya kuwasaidia. Baadaye ilinunuliwa ikafufuka. Lakini hebu fikiria mtu ana baiskeli ukumbini, miguu anayo, pedeli zipo, na bado ana wasiwasi kama kesho itakubali kufunguka. Phoenix ya marehemu baba yangu ilikuwa na kasoro nyingi, ila hiyo haikuwamo.

Mtu atasema Kigali wameweza. Wameweza, na mimi siwabezi. Ampersand ilianza pale na pikipiki za umeme mwaka 2019, na tangu Januari 2025 Rwanda imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria jijini humo. Nairobi kuna Roam, Spiro na wengine, Kampala kuna Zembo. Tazama wanavyofanya lakini. Kwa wengi wao dereva hanunui betri. Ananunua chombo, betri inabaki ya kampuni, na ikiisha anaingia kituoni anaiacha, anapachikiwa iliyojaa na kuondoka, yote kwa muda wa kunywa soda. Bei ya kununulia inashuka kwa sababu betri ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama, na uchakavu wake si tatizo la dereva. Hili linawezekana Kigali kwa kuwa pikipiki ni maelfu na mji umebanana, kituo hakikosi mteja hata saa nane usiku.

Mpemba nani ataweka kituo? Kwa pikipiki tatu, hakuna. Kwa hiyo mnunuzi wa kwetu anauziwa kile ambacho Kigali wamekikwepa: betri yake mwenyewe, chaja yake mwenyewe, matatizo yake mwenyewe. Na betri ya uniti tatu hivi haifiki kilomita 100. Inafika 60 au 70 ukiwa peke yako, na pungufu yake ukipakia mama na gunia lake la mahindi, au mshikaki wa wanafunzi wawili ambao sitawataja mbele ya trafiki. Mpwa wangu atalazimika kuchaji mchana kwa saa tatu au nne. Hilo nalo halikuwemo kwenye ukurasa. Na atachajia wapi? Nyumbani ni kilomita tatu kutoka kijiweni. Umeme ukikatika nao? Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024, mgao mkubwa umetuachia, lakini nguzo ya mti ikianguka kwenye mvua ya Desemba haijali bwawa lina megawati 2,115. Wenzetu wa Zambia ukame wa mwaka ule ule uliwaacha gizani sehemu kubwa ya siku, mitambo ya Kariba ikikosa maji. Hapa petroli ikikosekana kituoni utaipata kwenye chupa kwenye kibanda, kwa bei ya aibu lakini utaipata. Umeme hauuzwi kwenye chupa.

Kuna jambo jingine la foleni linalonikera kila nikilifikiria. Malori yale yanayomlisha mpwa wangu, mengi yakishuka kutoka Zambia na Kongo yamebeba shaba, na mengine kobalti. Kongo peke yake inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Shaba ndiyo nyaya za mota, na kobalti imo kwenye betri nyingi za lithiamu, ingawa siyo zote. Zipo zinazotumia chuma na fosfeti, na nyingi za pikipiki ni hizo. Basi mali inapita mbele ya kijiwe chetu kwa mwendo wa kinyonga, inakwenda bandarini, inavuka bahari, na baadhi yake inarudi siku moja ikiwa pikipiki ya milioni tano ambayo kontrola yake "ipo njiani". Hata njia yenyewe ni ile ile.

Halafu kuna ukimya. Mwalimu anaupenda. Mimi nikiwa abiria usiku kati ya malori mawili, kuna moja linarudi nyuma na dereva wake anachungulia kioo kwa jicho moja, napenda asikie kitu. Tumezoea kumlaumu bodaboda kwa kelele, lakini katika ile foleni kelele ndiyo indiketa yake ya kwanza. Honi ipo, najua. Anayepiga honi kila mita kumi atapigwa yeye.

Jioni nilimrudishia ukurasa wake, upande wa pili nimeujaza. Nilimwambia asinunue. Sikusema hivyo kwa sababu ya milioni tano, maana milioni tano kwa chombo kinachookoa laki na nusu kila mwezi si ghali. Nilimkatalia kununua peke yake. Mtu mmoja, chombo kimoja, betri moja, kontrola moja, muuzaji mmoja aliye mbali. Pikipiki ya petroli akiinunua peke yake hayuko peke yake, ana mafundi wote wa Songwe nyuma yake.

Nilimpa shauri jingine, na najua lina maneno mengi kuliko pesa. Halmashauri zimerudisha ile mikopo ya asilimia kumi kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyokuwa imesimamishwa mwaka 2023. Vikundi vingi vya vijana vikipata hununua bodaboda za petroli, tano au kumi, kila mtu anachukua yake na kikundi kinafia hapo. Wakinunua za umeme tano za aina moja, na betri mbili za ziada, na kontrola moja ya akiba ikiwa kabatini kwa mwenyekiti, mambo yanabadilika. Betri za ziada zinachajiwa kwenye kibanda kimoja pale njia panda ya Isongole, kwa mita ya biashara, hakuna anayetolewa kwenye D1 nyumbani kwake. Anayeishiwa anabadilisha na kuondoka. Ikifa kontrola ya mmoja, ya kabatini inaingia mchana huo huo na iliyokufa inasubiri yenyewe hiyo "njiani". Kwa kilomita kumi za kwenda mpakani na kumi za kurudi, betri moja inatosha kabisa kufanya mizunguko miwili. Kwa hesabu hiyo hata bei ikizidi kidogo, mimi ningeweka pesa yangu.

Alisikiliza, akacheka aliposikia "mwenyekiti". Vikundi anavijua. Akauliza, je, hao watano akiwapata, fundi wao nani? Nikakosa jibu, kwa hiyo tukatembea mpaka kwa fundi mwenyewe, yule aliyeifunga ile iliyoingia maji. Alikuwa chini ya mparachichi wake na mikono imejaa grisi, anabadilisha breki shuu za pikipiki ya mtu. Mpwa wangu akamweleza habari yote. Fundi hakuacha kazi. Akauliza tu kama ile pikipiki ya mjini imeshapata kontrola mpya. Tukamwambia imepata, inatembea.

"Na ile ya zamani wameipeleka wapi?"

Hatukujua.

"Waambieni wasiitupe," akasema. "Waniletee. Ile gundi nitaichemsha."